Maji Yale Tulikuazima

Kitangari,
Newala.
20 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Mabel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, na kwamba goti halikusumbui sana na mvua zenu. Sisi hatujambo. Baba yuko Nanganga anaokota korosho zake, anakohoa kidogo lakini habari ya hospitali hataki kuisikia. Unamjua kaka yako.

Nimepata ujumbe wako kuhusu ile video ya somo langu. Umesema umewaonyesha akina mama wote wa jumuiya, ukawaambia huyu ndiye mtoto wa kaka yako. Shangazi, nilisoma nikaona aibu hadi nikaifunika simu mezani. Ningekupigia, ila kwa mdomo ningekudanganya.

Simu uliyonitumia ndiyo ninayosomea mafunzo ya walimu kwa mtandao. Mafunzo yenyewe ni mazuri, siyalaumu. Miaka yote nimefundisha kuelea na kuzama, na hesabu za ujazo, kwa kujaza ubao tu; watoto wananakili bila kujua wananakili nini. Mwezeshaji wetu ndiye aliyenifumbua macho kwamba beseni la maji na vitu vya nyumbani vinatosha. Akatuagiza kila mmoja afundishe kwa vitendo, ajirekodi, atume kwenye kundi.

Nikawaambia watoto wa darasa la sita waje na chupa ya maji kila mmoja. Wakaleta wote. Wewe umekulia kwetu Nanganga, ambako ukichimba mchanga wa mto unapata maji, kwa hiyo utaliona jambo dogo. Nami niliona hivyo hivyo. Somo lilinoga. Walibishana korosho ipi itazama, maana kwao mbegu ya kupanda huchaguliwa hivyo. Hata Anifa, binti mpole ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, siku hiyo aliunyoosha, akaja mbele akaeleza kwa nini.

Tulipomaliza nikafanya kama mwezeshaji alivyofanya kwenye video yake. Nikamwaga maji yote nje, nikasuuza beseni, nikamwaga tena. Watoto wakayatazama yanavyonywewa na mchanga. Nikadhani wamelielewa somo.

Jioni mama yake Anifa akabisha hodi, ana dumu mkononi. Akanisalimu, akauliza habari za kazi, kisha akasema, "Mwalimu, nimefuata maji ya mtoto." Nikamwambia tumeshayamwaga. Akatazama chini. "Yale tulikuazima, mwalimu. Hatukukupa." Akaaga, akaondoka na dumu lake tupu.

Kumbe bomba lilikuwa kavu, na huku juu maji huazimwa na hurudishwa. Hata uliyonawia mikono hayamwagwi, yanakwenda kwa mbuzi. Watoto walitegemea kurudi nayo nyumbani. Kila mtu analijua hilo isipokuwa mimi, ninayeishi nao mwaka wa tatu sasa, nikiletewa maji na mtu wa baiskeli bila hata kumuuliza anayatoa wapi.

Nilishuka bondeni na kina mama, nikapanda na ndoo kichwani, nikarudisha maji nyumba kwa nyumba, siku baada ya siku. Kila mlango walinijibu, "Usijali, mwalimu." Afadhali wangenitukana.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Video uliyoiona, mwalimu mwenzangu Sharifu aliikata mwisho kwa sababu mtandao wetu ulishindwa kuituma nzima. Kundi zima likanipongeza, na sasa mwezeshaji anataka kuwaonyesha walimu wa Newala na Masasi. Ndipo nikaitazama ile nzima. Ninapoinua beseni, Anifa anakimbia na chupa yake, anainama ayakinge maji. Nami namsukuma kando kwa kiwiko, huku natabasamu kwenye simu, ili nionekane vizuri. Shangazi, sikumbuki hata kidogo kwamba nilimgusa.

Tangu siku ile hanyooshi mkono tena.

Sharifu ananishauri niache ilivyo, funika kombe mwanaharamu apite. Nimeshindwa. Nilikwenda kwa mama yake Anifa kuomba radhi, na ruhusa ya kuituma nzima. Mama alikubali. Anifa aliitikia kwa kichwa bila kunitazama. Basi nimeituma vipande vipande, nikamwandikia mwezeshaji kwamba wenzangu watajifunza zaidi mwishoni kuliko mwanzoni.

Sharifu atakutumia na wewe hiyo nzima, kama alivyokutumia ile fupi. Najua nitakufedhehesha mbele ya wenzako uliojivuna kwao kwa ajili yangu, na hilo linaniuma, unisamehe. Hata hivyo waonyeshe. Mkifika mwisho msiniangalie mimi. Mwangalieni mtoto mwenye chupa.

Nisalimie Emmanuel na mkewe, na Esther umbusu kwa niaba yangu. Mungu akutunze, na mtungi wako usikauke.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapoona haya,

Agnes