Lini Watakuacha Usimame

Mpendwa mwanangu Wafula,

Simu yako siku hizi inanijibu kwa ile sauti ya kurekodi, nami sijui kuongea na mashine, basi nimeshika kalamu. Nimemwomba mchungaji aiweke barua hii katika kijarida cha kanisa, kile kinachogawiwa Jumapili hapa Hyattsville, kila mtu aisome. Unanijua mama yako. Nilikusifu mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nikakukana. Siwezi kutubu chumbani.

Nianze na soksi. Ulikuwa na miaka tisa, mwaka wetu wa kwanza nchi hii. Nilikuwa nakunja nguo, nikipata soksi mbili zinazofanana nazizungusha ziwe donge, nakurushia uzipeleke kwenye droo. "Kwa nguvu, Mum!" Nikarusha kwa nguvu. Nikarusha juu ya taa, nyuma ya kochi, nikakudanganya kwa macho huku natupa kule. Hukuangusha hata moja. Siku nyingine kikombe kilinitoka mkononi, ukakidaka kabla hakijagusa sakafu, ukanirudishia bila hata kuondoa macho kwenye televisheni. Nilimwambia kila mtu kwamba nyumbani kwangu vikombe havivunjiki. Wenzangu walikuwa na watoto wa kushika namba moja darasani, sawa, hongera yao. Mimi nilikuwa na wewe.

Kwa hiyo walipokuchukua shuleni kucheza besiboli sikushangaa. Ukakua, ukaandikwa na timu za kulipwa, zile ndogo za miji midogo ambako vijana husubiri kuitwa kwenye timu kubwa. Mwaka mmoja timu yako ikaja kucheza karibu na hapa. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka na kilemba chake, nikaenda kumtafuta mwanangu uwanjani. Nikaona mmoja anatupa mpira, amesimama juu ya kichuguu kama chifu. Nikaona mwingine ameshika rungu. Na nyuma ya huyo mwenye rungu, amechuchumaa mavumbini, uso umefungiwa ndani ya vyuma, nikakuona wewe.

Muda wa saa tatu nzima, Wafula. Mpira unakupiga begani, unajipangusa, unachuchumaa tena. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba hiyo ndiyo kazi wanayopewa wageni.

Ulipotoka ulikuwa umelowa jasho, unatabasamu, unangoja niseme. Nami nikasema, "Na wewe, lini watakuacha usimame?"

Ulicheka, lakini kicheko kilichelewa kufika. "Kudaka ndiko huko, Mum. Mdakaji anachuchumaa."

Sikurudi tena. Ulinitumia tiketi, nikakwambia niko zamu. Zamu zilikuwepo, sidanganyi. Lakini zamu hubadilishwa. Nilibadilisha kwa ajili ya harusi za watu ambao leo hata majina yao siyakumbuki.

Ukadaka miaka kumi na moja. Timu kubwa haikuita. Magoti yakaisha. Ndipo siku moja ukapiga simu, sauti imechangamka: "Mum, wamenipa timu. Mimi ndiye meneja."

Neno hilo! Nililivaa kama koti jipya. Sikuuliza meneja wa namna gani, wala sikujua kwamba kwenye besiboli meneja ndiye kocha. Nilitangaza kazini, nikatangaza kanisani, nikapiga simu nyumbani Bungoma. Nikaandaa sherehe, kuku sita na chapati zisizohesabika, nikakununulia suti ya buluu na tai, kwa sababu meneja wangu mimi alikuwa na ofisi na kiti cha kuzunguka. Ulikuja kutoka huko mbali, ukaivaa kunifurahisha. Mikono ilikuwa mifupi.

Jirani yetu Mama Furaha, yule wa Bukavu, akakufuata na bahasha yenye vyeti vya kijana wake.

"Meneja, karibu sana. Biro yako, hiyo ofisi, iko wapi? Huyu wangu anatafuta kazi."

"Anajua kudaka, Mama?"

"Kudaka nini? Wezi?"

"Hata hao tunao," ukamjibu, "wakimbiaji wa timu pinzani wanaoiba vituo uwanjani. Mimi niliwakamata miaka kumi na moja."

Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona ukizungumzia kazi yako nyumbani kwangu. Ukavuta suruali ya suti juu kidogo, ukaanza kuchuchumaa umwonyeshe. Magoti yakalia. Nami nikakushika mkono.

"Simama, simama! Huyu ana utani. Yale yalikuwa michezo ya ujana. Sasa ana ofisi."

Ukasimama. Ulisimama mpaka wageni wakaisha, na hukula. Mlangoni ukaniambia taratibu, "Miaka kumi na moja, Mum. Ulikuja siku moja." Koti la suti ukaliacha kwenye kiti. Tangu hapo naongea na mashine.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kule nyumbani wanajua mimi ni nesi wa hospitali kubwa. Mimi si nesi. Naogesha wazee majumbani, nawavalisha soksi na viatu. Nachuchumaa kutwa. Na ni wewe uliyenifundisha, uliponiona najishika kiuno jikoni: "Visigino chini, Mum. Panua magoti. Usiinamie mbele." Nilichukua mafunzo, nikamwonea haya mwalimu.

Juzi, kazini kule Herndon, bibi ninayemtunza alikuwa anatazama besiboli. Niko chini namfunga kamba za viatu, akanigusa kichwa. "Sogea, unaniziba nisimwone mdakaji." Nikamuuliza mbona hamtazami yule anayetupa, si ndiye mkubwa? "Huyo anatupa anachoambiwa," akasema. "Mdakaji ndiye anayemwambia." Nilibaki pale sakafuni na kiatu chake mkononi, visigino chini, magoti yamepanuka, kama ulivyonifunza.

Mama Furaha, ukifika hapa, nisamehe. Hakuna ofisi. Kijana wako akitaka bado kuonana na meneja, aache bahasha, aje na viatu vya kukimbilia.

Wafula, nimeomba ruhusa ya Jumamosi ijayo, na safari hii nimeomba kweli. Nitapanda basi nije huko kwenu. Najua nimechelewa. Siku hizi unasimama pembeni na mikono kifuani, kama nilivyokuwa nataka, na kile ambacho nilipaswa kukitazama hakitachezwa tena. Nitakaa nyuma ya wavu, mgongoni kwa mdakaji wako. Atakuwa mtoto wa mama mwingine. Nitamtazama huyo saa zote tatu, kila anapochuchumaa, na nitamshangilia mpaka unisikie, maana sauti yangu unaijua, hakuna uwanja unaoishinda.

Usipotaka kuja kunisalimu, sitakulaumu. Nitakuwa nimekuja mara mbili.

Koti bado liko kwenye kiti. Sitakuletea.

Mimi mama yako,
niliyekurushia soksi.