Usiku wa Ijumaa

Migori Mjini,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Kwako dada yangu Mwanarusi,

Assalaam alaykum. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo mama yako alivyonifundisha siku ile nilipofika mlangoni kwake Majengo, huko pwani, na sanduku moja na cherehani, na mpaka leo sijui kuingia kwenu kwa neno lingine. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Ayesha na kaka yetu Suhail, na kwamba ile sukari imeshuka kama ulivyoniambia. Mimi huku ni mzima kwa neema ya Mungu, ila goti la kulia siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Mzee wangu Motari naye ni mzima. Binti yetu Caren bado yuko Homa Bay, kwenye duka la dawa, anakusalimu ingawa anakujua kwa jina tu. Mahindi tumevuna, si mengi, lakini asiyeshukuru kwa debe hatashukuru kwa gunia.

Najua utashangaa kwa nini ninakuandikia na simu iko, tena juzi tu tumeongea mpaka sikio likapata moto. Utashangaa pia bahasha kushonwa. Nimeishona mwenyewe kwa cherehani, uzi mweusi, mshono wa karibu karibu kama wa kola ya shule. Si kwamba namshuku Suleman anayekuletea. Suleman ni mtu wa haki, na bila yeye na duka lake la mabati hapa Migori nisingepata nambari yako kabisa, maana ni siku niliyomsikia akitaja Majengo ndipo nilipothubutu kuuliza kama kuna yeyote wa kwa marehemu Bi Shamima aliye hai. Nimeishona kwa sababu nataka uifungue wewe, peke yako, mchana, ukiwa umekaa. Kama kuna mtu karibu nawe sasa hivi, tafadhali iweke chini kwanza.

Wacha nikuambie habari ya safari. Ulipoita, niliitika siku hiyo hiyo. Nilipanda gari hadi Homa Bay ili Caren anikatie tiketi, maana mambo ya kubonyeza bonyeza kwenye simu mimi yananishinda, mara namba ya kitambulisho, mara ujumbe haujaingia. Alinicheka sana. Aliniuliza kama nataka kiti cha dirishani, nikamwambia usiku nitaona nini, akasema mama, utajiona wewe mwenyewe kwenye kioo. Alisema kwa mchezo tu, lakini neno hilo nilirudi nalo njia yote. Basi tiketi iko. Alhamisi tarehe ishirini natoka hapa asubuhi kwa basi la Nairobi, na saa nne usiku treni inaondoka. Itanishusha stesheni ya Miritini alfajiri ya Ijumaa, saa kumi hivi. Nguo ya kuvaa kwenye nikahi ya Ayesha nimeshona, ya kijani kibichi, mikono mirefu, usije ukaona haya kwa ajili yangu. Na Ayesha nimemshonea foronya mbili zenye maua ya asumini pembeni. Mimi niliyemwogesha akiwa na siku saba, leo anaolewa. Mungu ni mkuu.

Mpango wote uko tayari, dada, isipokuwa mimi.

Ulipokuwa unaniambia siku ya kusafiri, ulisema njoo na treni ya usiku wa Ijumaa, kisha ukaangua kicheko, ukasema haya, safari hii nakufafanulia kabisa, bara wewe, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua, usije ukanikosea tena. Ukaniambia hapo nyumbani kwenu mtu akikosea siku, akienda arusi kesho yake au akipeleka mtoto shule sikukuu, watoto husema amefanya Kinyatichi. Jina langu limekuwa methali ya nyumba yenu. Nilicheka nawe. Halafu ukaniambia ngoja kidogo nihamishie simu sikio la kulia, hili la kushoto halisikii tangu mwaka ule. Nami nikakuuliza mwaka upi, kama mjinga, na wewe ukanyamaza kidogo, kisha ukaanza kunieleza habari za biriani na wapishi.

Tangu siku hiyo kazi imeniharibikia. Siku ya Jumatano nilishona mkono wa kushoto pande zote mbili za sare ya mtoto wa watu. Mtoto akavaa, mkono mmoja ukaangalia nyuma.

Nataka nikukumbushe mambo unayoyajua, ili nikifika kwa usiyoyajua usiniache njiani. Mwaka wa tisini na tisa, mwezi wa nane. Baba Ayesha alikuwa ameshakupiga mara nyingi. Mimi ndiye niliyekukanda ule mkono kwa maji ya chumvi, tukimwambia mama yako umeteleza chooni. Tulikubaliana wewe na mimi. Nilikuwa narudi huku kuolewa, na wewe na mtoto mngekuja pamoja nami, mkae hata mwaka, ukipata nguvu uamue. Jumapili ukanipa pesa ya tiketi, na ndani yake kikaratasi: Usiku wa Ijumaa, treni ya saa moja, nitakuja na mtoto kama ninaenda kwa shangazi, wewe tangulia na tiketi, usichelewe.

Alhamisi, magharibi ikishaadhiniwa, ulikwenda stesheni na ukangoja. Mimi sikuonekana. Suhail akakukuta pale, akakurudisha kwa mume wako, akidhani anaokoa ndoa. Baadaye mimi nikakuandikia kutoka huku kwamba nilikuja Ijumaa usiku na tiketi mkononi, nikakutafuta behewa hadi behewa, hukuwepo, nikapanda peke yangu nikilia. Na wewe ukanijibu. Barua yako ninayo. Uliandika kwamba kosa si langu, kosa ni lako, umemwandikia mtu wa bara kwa hesabu ya kipwani, ungeandika Alhamisi tu tungekuwa pamoja. Ukaniomba msamaha. Wewe, Mwanarusi, uliniomba mimi msamaha. Halafu ukakaa katika nyumba ile miaka kumi na mmoja mingine.

Sasa nisikilize kwa hilo sikio zima.

Mimi ni Msabato. Nimezaliwa Msabato, na miaka yote sita niliyolala chini ya dari ya mama yako nilikuwa Msabato. Unakumbuka Bi Shamima alivyokuwa akinitania? Ijumaa jioni nikikimbizana na sufuria ili ugali uive kabla jua halijazama, alikuwa akisema tazameni huyu, sisi Ijumaa yetu inatoka, yeye yake ndiyo inaingia, jua likitua hawashi hata kiberiti. Akaja akazoea hata akawa ananiwashia taa ya chumbani yeye mwenyewe. Kwetu siku huanza jua likizama. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusoma, kwamba ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja. Hesabu yenu na hesabu yetu katika jambo hilo ni moja, dada. Katika nyumba ile nzima hakuna mtu ambaye angeelewa kikaratasi chako upesi kuliko mimi.

Tena fikiri. Mimi ningepandaje treni Ijumaa, jua limezama, Sabato imeingia? Hata maiti ya baba yangu sikusafiri nayo siku hiyo, nilifuata Jumapili. Uongo wangu ulikuwa na tundu la kupita ng'ombe, na hakuna aliyeliona kwa sababu mlinipenda.

Nilielewa. Jumatatu asubuhi nilikwenda stesheni, dirisha la tiketi, nikanunua tiketi mbili za Alhamisi. Nilikuwa nimekusudia, Mungu ni shahidi. Jumatano ikaja barua ya Motari, mchumba wangu wakati huo. Mtu alikuwa amemwambia nia yetu, au mimi mwenyewe nilikuwa nimemdokezea, sikumbuki. Aliandika kwamba akisikia nimeshuka Migori na mke wa mtu na mtoto wa mtu, basi nisihesabu kuwa kuna arusi, mahari ibaki kwao. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, na kabla yake mwanamume mwingine alikuwa ameniacha watu wameshaalikwa. Nilisoma barua ile mara nyingi sana.

Alhamisi nilikuja stesheni, Mwanarusi. Nilikuja. Nilisimama ng'ambo, kwa yule mama aliyeuza kahawa na kaimati, nimejifunika kanga hadi machoni. Nilikuona umekaa kwenye benchi karibu na mzani wa mizigo. Ulikuwa na kikapu cha ukili na Ayesha mapajani, amevaa lile gauni la manjano nililomshonea mimi. Kila mtu akiingia unainua shingo. Kengele ya kwanza ikalia, ukasimama. Ukakaa. Ukasimama tena. Hatua thelathini tu kati yako na mimi, na tiketi ziko kifuani, zimelowa jasho. Yule mama akaniuliza kama kuna ninayemsubiri. Nikamwambia hapana.

Kisha nikamwona Suhail akiingia. Hata hapo ningeweza kukimbia. Ningeweza kusema huyu yuko nami, tunakwenda kuzuru. Nilisimama tu. Nilimwona akimchukua Ayesha, nikakuona wewe ukigeuka mara moja kuangalia lango, na nikarudi nyuma ya nguzo. Treni ikaondoka bila sisi sote. Ijumaa jioni nikaaga kwenu, nikaiweka Sabato kwa Msabato mwenzangu, na Jumapili nikapanda basi.

Haya ndiyo ninayoungama. Sikukosea siku. Nilikuacha.

Jana alasiri, tulipotoka kanisani, nilimweleza Motari. Yeye sasa ni mzee wa kanisa, watu humletea kesi zao awaamulie. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kweli yeye aliandika hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena, na tena. Halikumbuki, dada. Neno lililokaa juu ya kifua changu miaka ishirini na sita, yeye aliliandika akaenda zake kupasua mbao. Alitaka kuongeza mstari wake mwishoni mwa barua hii, akuombe radhi. Nilimkatalia. Nilimwambia yako ilikuwa karatasi, miguu iliyosimama ilikuwa yangu. Lakini usimchukie. Tangu jana hajala vizuri, na leo ameniambia yeye ndiye atakayebeba mfuko wangu hadi kwa basi.

Utaniuliza kwa nini sasa, si ningenyamaza, nije nile biriani, nirudi. Shetani ameniambia hivyo kila siku, tena kwa sauti nzuri. Lakini sitaweza kuketi karibu na Ayesha akiwa bibi arusi huku nikijibu mzaha wa Kinyatichi. Na siwezi kuendelea kukuacha uamini kwamba ni kalamu yako iliyokufunga katika nyumba ile. Kalamu yako iliandika sawasawa. Nakurudishia hilo, hata kama huko ndiko kukupoteza.

Na huenda ulijua. Ule ukimya wako kwenye simu nimeugeuza geuza sana. Kama ulijua miaka hii yote na bado ukaniita, basi sijui niseme nini, nitanyamaza mbele zako.

Fungua sasa kile kijikaratasi nilichokishonea kwenye kona ya chini ya bahasha. Ni tiketi yako. Imekaa ndani ya kitabu changu cha nyimbo tangu wakati ule. Angalia tarehe iliyopigwa muhuri: kumi na mbili Agosti. Ilikuwa Alhamisi. Ya kwangu ninayo hapa.

Ninakuomba usinipigie simu. Ninajua sauti yako itanihurumia kabla moyo wako haujaamua. Suleman atakuwa huko hadi Jumatatu wiki ijayo, na Jumanne jioni atakuwa amefungua duka hapa. Kama hutaki nije, mpe tiketi hiyo anirudishie, bila neno lolote. Nikiiona mkononi mwake nitaelewa, na sitakusumbua tena mpaka kiama. Zile foronya nitampa Suleman azilete safari nyingine, Ayesha asikose kwa dhambi isiyo yake.

Kama atarudi mikono mitupu, nitasafiri. Nitashuka Miritini alfajiri na nitatafuta benchi, nikae. Usiharakishe. Uswali, unywe chai yako, ufanye kazi za arusi. Ukija saa mbili nitakuwepo. Ukija adhuhuri nitakuwepo. Hata usipokuja, nitakaa hapo hadi jua lianze kushuka, ndipo nitafute mahali pa kuipitisha Sabato, na Jumapili nirudi kwangu. Safari hii mwenye kungoja ni mimi.

Nisalimie Suhail, umwambie sina kinyongo naye, yeye angalau alikuja. Mbusu Ayesha kwenye paji la uso, pale nilipombusu akiwa na siku saba. Kaburi la mama yako, ukipita, litolee salamu yangu. Mungu azilinde siku zako, na sikio ulilobakiwa nalo lisikie mema tu.

Natoka hapa Alhamisi. Treni ni ya usiku wa Ijumaa, kwenu na kwetu.

Ni mimi dada yako,
Nyatichi.