Kipande cha Sega

Itigi, Jumanne usiku

Mzee Njiku ameondoka na ndoo zake tatu za asali kwa sababu ya kipande kimoja cha sega.

Alinikatia kama kila msimu. Muuzaji anakata, mnunuzi anaonja, ndipo bei. Nikamwambia, "Leo sionji, babu. Ataonja Neema wangu wa dukani."

"Umesikia nachanganya sukari?"

"Sukari iko kwenye damu yangu, babu. Nimepimwa asubuhi kabla ya kula, sita nukta tatu. Ikifika saba ni kisukari chenyewe."

Akacheka. "Asali ya nyuki ni dawa, mwanangu. Lamba kidole tu!"

Dada yangu naye, na kisukari chake, alikuwa akisema, "Kidogo tu." Tulimzika na mguu mmoja.

Sikuonja. Akafunika ndoo zake. "Asiyeonja changu haniamini."

Na huyu ndiye aliyenipa ndoo ya kwanza kwa kuniamini, wakati sina hata kibanda. Leo ameshindwa kuniamini kwa neno moja.

Hesabu yangu ya kutoonja ni sahihi, najua. Lakini kile kipande alikiacha kwenye sahani. Nimekifunika bakuli, sisimizi wasikipate. Sijui namtunzia nani.