Kunde Mwitu Kwenye Kopo Lako

Mjukuu wangu Nakunda,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Shighatini tu wazima, na ng'ombe amezaa jike.

Unauliza kama uitupe ile kunde mwitu uliyoichimba kando ya kaburi la mama yako ukaipanda kwenye kopo, maana imekauka yote.

Nilipokuwa msichana, mwaka ambao chakula kilikuwa shida, bibi yangu alinipeleka porini kule juu ya Lembeni. Moto ulikuwa umepita, mimi nikaona majivu tu. Bibi akachimba penye kishina cheusi cha kunde mwitu, akafikia mzizi mnene kama kiazi. Akakata kipande cha chini, ile shingo ya juu akairudisha udongoni na kuifukia.

“Bibi, mbona unaizika?”

“Siiziki. Nailaza.”

Mvua za vuli ziliponyesha tulipita tena pale. Kamba zake zilikuwa zimeparamia nyasi, zina maua ya zambarau. Mpaka leo majivu yakinyeshewa, harufu ile hunirudisha kwa bibi.

Basi tia kidole kwenye udongo wa kopo lako, taratibu. Ukigusa kitu kigumu, fukia tena, umwagie maji.

Bibi yako