Mchuzi Usio na Firigisi

Mbita, 3 Juni

Mke wangu mdogo Scovia,

Salamu nyingi kwako na kwa mafundi wenzako wa cherehani hapo Migori, hasa yule mnene. U mzima? Mimi mafua yamekwisha. Jana nilimaliza samaki ngege mzima na ugali wa watu wawili, nikaomba niongezwe.

Haya, uongo huo umetosha. Sijala kitu. Ni chai ya rangi tu, na hata hiyo inapita kooni kama mchanga. Na ni wewe uliyeniletea ugonjwa huu, ulipokuja kunisalimia kwa chafya.

Usiniambie nipige simu. Masikio yangu unayajua, lazima nipaaze sauti, na ninayetaka kumsema yuko jikoni, ng'ambo ya ua tu.

Ni mama yako. Jumapili kuku alichinjwa kwa ajili ya ugonjwa wangu, nikafurahi. Bakuli likaja: mchuzi. Nikakoroga, nikakoroga tena. Firigisi hakuna! Scovia, mimi ndiye mwenye boma. Tangu nimuoe nyanya yako, kuku akichinjwa hapa firigisi ni yangu, hata kama kuku mwenyewe amegongwa na pikipiki. Sasa nimelala kidogo tu, wameshampa baba yako Willis. Wamenizika mdomo kwanza, mwili utafuata.

Kumuuliza mama yako siwezi. Mimi na mke wa mwanangu tunaongea mambo ya mvua na ng'ombe, si ya bakuli. Na nyumba ya mwanangu siingii, mila unaijua. Basi nimefunga mdomo. Mchuzi wake anaunywa mbwa.

Barua hii anakuletea Celestine, yule muuza dagaa wa omena.

Babu yako, mume wako wa kwanza


Migori, 5 Juni

Kwara, babu yangu,

Bwana asifiwe, ingawa najua utajibu unavyotaka. Barua yako inanuka omena lakini nimeisoma mara mbili. Kifua kinaendeleaje? Usingizi unapata?

Mafua hayo yalinilaza mimi pia, na sikutaka kuona chakula. Kilichoniinua ni kunywa: maji ya vuguvugu, uji mwepesi, mchuzi, kidogo kidogo, hata bila hamu. Ugali niliuacha mpaka tumbo lilipouita lenyewe. Sasa wewe na umri wako unafunga kwa sababu ya kipande cha nyama? Kama ni hasira, kasirika ukiwa umeshiba!

Nimempa Celestine machungwa. Kifua kikibana ama pumzi ikikata, usingoje barua, baba akupeleke hospitali mara moja. Hayo ya firigisi niachie. Nitamuuliza mama polepole.

Mjukuu wako, mke asiyelipiwa hata mbuzi


Mbita, 9 Juni

Daktari wangu wa cherehani,

Hujambo? Mimi sijambo ya kulala chini. Chungwa nililokula ni moja, mengine yaliniunguza koo. Kisha jirani yangu Bonface akaniletea pombe ya busaa. Akasema, "Mzee, hii nayo ni uji, tofauti ni kwamba umesoma mpaka chuo." Nikanywa na tumbo tupu.

Nikatoka nje kukojoa, dunia ikageuka, nikaanguka kando ya ghala. Aliyeniona ni mama yako. Unajua mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Alisimama pale akiita, "Willis! Bonface!" Hakuna mtu. Akafunga leso kiunoni, akapitisha mikono kwapani mwangu, akaniinua kama gunia la mahindi. Hakunitazama usoni. Alikuwa analia. Nami nilikuwa nimejilowesha, hilo usimwambie mtu.

Tangu siku hiyo bakuli linaletwa na baba yako. Bado sili. Ona herufi zangu zinavyolewa, na busaa iliisha zamani. Scovia, nimechoka. Lakini mzee akikataa kitu watu wote wakiona, anakirudia kwa mlango gani?

Babu yako


Migori, 11 Juni

Kwara,

Salamu ziko, lakini leo ni fupi. Soma ukiwa umeketi.

Nimempigia mama. Alikataa kusema, mpaka nikamwambia hata mimi nitaacha kula. Firigisi ilikuwa mle mle. Aliichemsha, akaitwanga kwenye kinu mpaka ikawa laini kama unga, akaikorogea katika mchuzi kwa sababu koo lako lilikuwa limevimba. Umempa mbwa.

Na si mara hiyo tu. Meno yako ya nyuma yalikwisha zamani, ukadhani hakuna aliyejua. Yeye alijua. Tangu hapo nyama yako huikatakata peke yake jikoni, na firigisi huikata nyembamba halafu huipanga upya ionekane nzima. Hata baba hajui. Hakutaka mtu yeyote aseme mwenye boma hawezi kutafuna.

Aliniomba nisikwambie. Nimekwambia. Utafanya nini?

Mjukuu wako


Migori, 16 Juni

Kwara,

Hujambo? Celestine amerudi mikono mitupu. Anasema barua uliipokea, lakini aliporudi kuchukua jibu mlango wako ulikuwa umefungwa. Simu ya baba haipatikani, ya mama inalia tu. Nijibu hata kwa neno moja.

Mkeo Scovia


Mbita, 18 Juni

Mke wangu mdogo,

Futa machozi, hujawa mjane. Mlango ulifungwa kwa sababu nilikuwa nakula, na mzee mwenye njaa ya namna ile hafai kutazamwa.

Barua yako niliisoma mpaka mwisho, nikairudia. Nilimwangalia mbwa. Amenenepa, anakatiza ua kama mwenye boma.

Baba yako alipoleta bakuli, nikanywa. Tangu hapo nakunywa kila kinachokuja: uji wa wimbi, maji ya moto, mchuzi wa ngege. Jana viazi vitamu vilivyopondwa, nikajua ni mkono wa nani. Miguu imerudi, leo nimefika langoni.

Miaka yote hii nimejisifu mbele ya Bonface kwamba bado natafuna kama kijana. Kumbe kijana alikuwa mama yako na kisu chake.

Sasa nimekwama. Nikimwambia asante, atajua kwamba najua, na kazi yake yote ya kunisitiri itamwagika. Nikinyamaza, atadhani bado nimenuna.

Lakini wewe una deni langu. Ulipovunja nyungu ya mama yako nilisema ni mbuzi, na mbuzi akachapwa. Lilipe leo. Mpigie simu umwambie mzee analalamika, mchuzi wake umepungukiwa chumvi. Tangu niugue ulimi wangu haukutofautisha chumvi na majivu, na hilo baba yako alimwambia. Ataelewa kwamba sasa mchuzi wake nauonja. Usiongeze neno lingine, Scovia. Chumvi tu.

Babu yako