Tyubu Nilizozivua Kwenye Fimbo Zako

Baba,

Kabla sijaandika jambo lolote naomba kitu kimoja: barua hii usimwonyeshe mtu. Usimsomee Mzee Ogola, ambaye najua mmekaa pamoja huko mliko, kama mlivyokuwa mkikaa kwenye benchi la makedi mkingoja wachezaji. Atacheka mpaka akohoe, na kabla jua halijatua watakuwa wamejua wote waliowahi kubeba begi la gofu Kisumu hii na kufa. Naiandika ofisini saa ya chakula cha mchana. Mlango nimeufunga, na karatasi nimeichomeka ndani ya faili la kesi ya mpaka wa shamba, ili mtu akiingia aone niko kazini. Unanijua. Hata kukosea nakosea kwa utaratibu.

Nimeshindwa kupiga mpira, Baba.

Sisemi nimerudi nyuma kidogo. Nimeshindwa. Huu ni mwezi wa pili. Kila mpira ninaoupiga unaanza vizuri, unakwenda hatua hamsini au sitini kama kawaida, halafu unakata kushoto kama mtu aliyesikia ameitwa. Kushoto kwenye maegesho ya magari. Kushoto kwenye mafunjo. Juzi ulikwenda kushoto ukazama kwenye unyayo wa kiboko kule karibu na ziwa, na nilipofika nikauona uko chini pale kwenye tope, umetulia, nikakaa kwenye nyasi nikalia. Si kwa huzuni. Kwa hasira. Nilikuwa na hasira na kitu cha ukubwa wa ndimu.

Na ilikuja ghafla! Wiki moja nachapa mstari, makedi wanapiga mbinja, wiki inayofuata siwezi kuupitisha mpira kati ya miti miwili ambayo lori lingepita.

Nimejaribu kila kitu. Nina daftari. Nimeandika tarehe, hali ya upepo, fimbo niliyotumia na mpira ulikokwenda, na safu hiyo ya mwisho inachosha kuisoma kwa sababu ina neno moja tu kutoka juu hadi chini. Nimetazama mafundisho kwenye simu: mmoja anasema kiwiko kiwe karibu na mbavu, mwingine anasema kiwiko kisahau kabisa. Kijana wa kituo cha mafuta pale Mamboleo, ambaye hajawahi kushika fimbo, aliniona nikifanya mazoezi ya mikono nikingoja gari akaniambia, "Madam, shida yako ni mguu." Pasta alipita nyumbani kutuona, Mama akamwambia nina tatizo la mkono, akaniombea kiwiko. Mkono wake juu ya kiwiko changu, sauti imepanda, majirani wa Nyalenda yote wanasikia. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ni gofu.

Mama mwenyewe ameshasema maneno yake. "Wewe acha tu. Kwani huo mchezo unasonga ugali?"

Ningeacha, Baba. Wallahi ningeacha, kama Wanjala wa kaunta pale klabu anavyosema akitaka nimwamini. Lakini kuna Jumamosi.

Jumamosi hii makedi wanacheza kwa kumbukumbu yako. Wazo ni la Mzee Okelo, kedi mwenzako wa zamani, na sijui aliwashawishi vipi wakubwa wa klabu, lakini wamekubali: siku hiyo wanachama ndio watakaobeba mabegi, makedi ndio watakaocheza. Waliosema "kuja hapa" miaka yote watakuja wao. Wamenipa heshima ya kupiga mpira wa kwanza, kwa jina lako, watu wote wakitazama. Na atakayenibebea begi, alijitolea mwenyewe bila kuulizwa, ni Wakili, mkubwa wangu wa kazi, yule yule ambaye nikiingia kwake na chai kikombe kinagonga kisahani.

Hujasikia baya zaidi. Hema la wageni wamelisimamisha upande wa kushoto wa pale pa kuanzia. Kushoto, Baba. Viti vya mbele vimetengewa akina mama wa kanisa, na katikati yao, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, atakaa Mama.

Silali vizuri. Nimemwandikia Mzee Okelo barua rasmi, yenye kichwa cha habari na kila kitu, nikiomba hema lisogezwe. Alinijibu kwa mdomo tu, kwenye lango. "Akinyi, hema imeshachimbiwa. Wewe chapa mpira."

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuombe siri.

Unakumbuka fimbo zako. Saba tu, zilizotupwa na wachezaji saba tofauti, hakuna mbili zilizozaliwa pamoja. Ulizisugua kutu kwa majivu, ukanifundishia pale nyuma ya karakana ya mashine za nyasi, mimi nikiwa na sare ya shule. Na kwenye vishikio ulikuwa umezungusha vipande vya tyubu ya baiskeli, vinene, vyeusi, vyenye kunuka jua. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ni umaskini. Nilidhani vishikio vilikuwa vimeoza, nawe huna vingine.

Tulipotoka kukuzika Asembo, nilirudi kazini nikiwa na fimbo zako kwenye begi, kwa sababu sikutaka zikae nyumba isiyo na wewe. Wiki ya tatu Wakili alinialika nicheze naye na wateja wawili. Nilipotoa fimbo ya kwanza aliitazama, akatabasamu, akasema mbele yao, "Akinyi, fimbo zako zimeumia? Naona bandeji."

Walicheka. Hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo hata leo. Lakini nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni. Nilijiona binti wa kedi amesimama mahali ambapo anaruhusiwa tu. Siku hiyo nilicheza vizuri, mstari mmoja hadi mwisho, wala hilo halikunisaidia. Nilichobeba kwenda nyumbani ni lile neno bandeji.

Jumapili baada ya ibada nilikaa sakafuni jikoni nikachukua wembe. Nilizikata zote, Baba. Zilikuwa zimeshikana na chuma kama ngozi, na nilivuta, na nikajiambia nazisafisha, nakupa heshima. Jumatatu nikanunua vishikio vipya vyembamba vyenye mstari mwekundu. Tyubu zako nikazitupa nyuma ya nyumba.

Nikaanza kupiga kushoto.

Mimi nilisoma. Nina diploma ukutani uliyoitundika mwenyewe na misumari minne ambapo miwili ingetosha. Daftari langu lina kurasa za upepo na viwiko, wala hakuna mahali nilipoandika kwamba nilibadilisha vishikio wiki ile ile. Haikunijia! Karani mzima!

Aliyeniambia ni Mzee Okelo, Jumatatu hii. Alinitazama nikipoteza mipira sita, akaja polepole na lile goti lake, akaninyang'anya fimbo namba saba. Akaigeuza mkononi. Akanitazama kama nimeingia kanisani bila viatu.

"Nguo ya hii fimbo iko wapi?"

Nikamwambia niliivua.

"Nani alikutuma?"

Akakaa chini, akasema mambo ambayo wewe ungeniambia kama ungekuwa mtu wa kueleza vitu. "Babako alikaa kwa hii benchi wiki mzima akifunga hizo tyubu. Anafunga, anafungua. Ogola alimcheka mpaka akachoka. Akatuambia huyu mtoto mikono yake iko na haraka, ukimpa kitu nyembamba ataipindua kabla mpira haijatoka. Sasa anamnenepeshea, ndio vidole vikose nafasi ya kufanya umbea."

Vidole vikose nafasi ya kufanya umbea. Hayo ni maneno yako, Baba, hakuna mwingine anayesema hivyo. Miaka yote nilidhani napiga mstari kwa sababu nina kipaji. Ulinikalisha kwenye kipaji hicho kama mtoto anavyokalishwa juu ya rundo la vitabu ili afike mezani, na hukusema neno. Kwa nini hukusema? Nakasirika. Naomba unisamehe kukasirika na marehemu, lakini sentensi moja tu ingetosha! Kila nilipokosea ulisema, "Nyathina, mwanangu, mikono," basi, halafu unahamisha begi bega la pili na kutazama ziwa. Mikono nini? Mikono vipi? Mtu anaandika nini kwenye daftari kutokana na hilo?

Nilikimbia nyumbani. Nyuma ya nyumba hapakuwa na kitu. Nikamuuliza Mama, kwa sauti ya kawaida, kama ameona vipande vya tyubu. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye dagaa wa omena aliokuwa akichambua. "Kwani zile ulikuwa unatupa? Tyubu nzuri vile? Watu wa mjini mna pesa."

Alikuwa ameziokota zote. Vipande vitatu amempa jirani afungie mizigo ya kuni. Viwili vimekatwakatwa, vinashikilia vifuniko vya mitungi ya maji. Kimoja sikukipata. Lakini kimoja, kirefu, kilikuwa kimefunga mlango wa banda la kuku, mafundo manne. Nikakifungua wakati Mama amekwenda bombani. Kilikuwa bado kimejikunja kwa umbo la fimbo, Baba. Na kwa ndani, nilipokiinua kwenye mwanga, niliona mstari mfupi uliokwaruzwa kwa msumari, na kando yake herufi A. Niliweka kidole gumba changu juu ya mstari. Kiliingia sawasawa, urefu ule ule.

Sitaandika zaidi kuhusu dakika hiyo. Nina faili la kesi chini ya karatasi hii, na wino unamwagika kwa urahisi.

Banda nililifunga kwa kamba ya katani. Asubuhi nilisikia Mama anapiga kelele, "Nani amefungua kuku?" Walikuwa watatu kwenye sukuma wiki ya jirani, na mimi nilikuwa kwenye kioo nachana nywele kwa makini sana. Hilo pia usimwambie mtu.

Tyubu inatosha fimbo moja tu, namba saba. Niliifunga jana, nikafungua, nikafunga, kama ulivyofanya. Mara ya nne ndipo mstari wa msumari ukakaa mahali pake, chini ya kidole gumba. Saa kumi na moja na nusu, nilipotoka kazini, nilikwenda nyuma ya karakana na mipira kumi. Wa kwanza ulikwenda nilikotazama. Nikashangaa. Wa pili nikaharakisha kwa furaha, ukaenda kushoto. Wa tatu ukanyooka, wa nne ukanyooka, wa tano kushoto. Sita kati ya kumi, Baba. Sita! Nimeiba kamba ya kuku, nimemtoroshea Mama kuku, nimerudisha nguo ya fimbo, bado minne inakwenda kwa akina mama wa kanisa. Kabla ya ule wa mwisho nilitaka kuitupa fimbo ziwani. Halafu nikasema "mikono" kwa sauti, peke yangu, nikapiga wa kumi, ukanyooka.

Kwa hiyo nimeamua, na unajua inavyonichukua muda kuamua.

Jumamosi sitatumia ile fimbo kubwa ambayo kila mtu anafungulia. Nitafungua kwa namba saba. Watasema mpira wangu ni mfupi, na utakuwa mfupi. Nitamwomba Wakili aitoe kwenye begi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu wote. Akiuliza tena kuhusu bandeji, nitamjibu. Nimeshaliandika jibu nyuma ya daftari ili nisitetemeke: "Bwana Wakili, hii ilifungwa na Baba yangu." Nimelisoma mara nyingi. Halina kosa.

Barua ya hema nimeirudisha kwa Mzee Okelo nikamwomba aichane. Hema libaki pale lilipo. Mama nimemwomba tu akae mstari wa nyuma, nikamwambia mbele kuna jua.

Ukitaka kunipata, sikiliza vizuri. Usije kwa ndoto, Mama huniuliza ndoto zangu asubuhi nami siwezi kudanganya juu ya uji. Usipitie kwa Pasta, atatangaza. Ofisini usije, askari wa mlangoni anaandikisha kila mgeni na wewe huna kitambulisho tena, tulikirudisha kwa chifu. Njoo Jumamosi, saa tatu asubuhi, pale pa kuanzia shimo la kwanza. Simama nyuma yangu, kulia, mahali ulipokuwa ukisimama ili kivuli chako kisiguse mpira. Huna haja ya kusema lolote. Hamisha begi bega la pili. Wakili atadhani ni yeye aliyelihamisha.

Nitasikia. Nitapiga baada ya hapo, si kabla.

Binti yako,
Akinyi