Noeli Imeimbwa Kabla ya Majilio

Mchukwi, Kibiti.
1 Desemba 2025

Mpendwa Shangazi Dionisia,

Leo nitakueleza yote, sitaficha kitu. Ila kwanza shikamoo. Habari za Songea? Mguu wa Mjomba umepoa? Sisi wazima, mama yuko zamu wodini. Mimi afya ninayo, lakini nina hasira tangu jana.

Jana ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, majuma yetu manne ya kuingoja Noeli. Padre kavaa zambarau, mshumaa mmoja tu umewashwa, na sisi kwaya tukasimama tukaimba Noeli! Kinanda, ngoma na vigelegele, Mtoto keshazaliwa. Mimi nilifunga mdomo.

Unakijua kigango chetu. Waumini karibu wote ni wauguzi na walimu wa kutoka mbali, na sikukuu ikikaribia kila mtu hupanda basi kwenda kwao. Basi Mwalimu Mashaka wa kwaya kaamua tuimbe Noeli sasa, watu wangalipo. Nyimbo za Majilio kazifuta zote.

Nilimwuliza tutaziimba lini. Akasema, "Tabu, mwanangu, unataka siku ya Noeli niyaimbie mabenchi? Hizo nyimbo zako za kusinzia kaimbe na bibi yako."

Wenzangu walicheka, kisha wakakumbuka kwamba Bibi tulimzika mwezi wa sita, wakainamia vitabu vyao. Yeye hakukumbuka chochote, akaendelea na kinanda chake.

Nikiwa narudi nyumbani, Mwajabu jirani yetu akaniita kutoka uani kwao. "We Tabu, mbona nyie mnasherehekea mwezi haujaandama? Sisi tuwe na njaa vipi, Idi hatuli kwa kubahatisha!" Mwislamu ameyaelewa Majilio kuliko mwalimu wetu wa kwaya!

Nikaenda kwa Padre. Hakumkemea Mwalimu, na hilo nalo limeniudhi. Lakini alisema juma la mwisho kabla ya Noeli, kwaya ikishasafiri, niimbe zile antifona za Bibi, nyimbo fupi za kumwita Mwokozi aje, kila jioni bila kinanda. Sharti nipate mtu wa upande wa pili, maana mmoja huita na mwingine huitika. Mama hana sauti, anajua mwenyewe. Bibi alitufundisha wawili tu, wewe na mimi. Mwaka huu zisipoimbwa, mwakani hakuna atakayeziulizia.

Sitaki kumwaibisha Mwalimu. Nataka tungoje kama watu wanaongoja.

Nisalimie Mjomba, Sabina na mdogo wake Biasha. Mungu awape usingizi mwema na riziki ya halali.

Barua hii anakuletea Hemedy, kondakta wa basi, naye anageuza kurudi huku keshokutwa. Mpe jibu mkononi. Nitaita, Shangazi. Utakuja kuniitikia?

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Tabu